Esta Aliyezimia Mbele ya Mfalme

Singe, Babati
Jumapili mchana

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikasubiri kama mjinga. Miezi minane sasa. Bado kila asubuhi nikipita kwenye mlango wa chumba chako mdomo unaanza wenyewe, nami naufunga katikati ya neno.

Nimekaa kwenye meza yako ya kukatia vitambaa. Mume wangu Daudi amemchukua binti yetu Joisi wamekwenda Nangara kwa mama mkwe wangu, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Nilitaka kukuandikia tangu wiki ile ya msiba. Nilianza mara tatu, nikachana. Maneno hayakukosekana. Nilijua tu kwamba barua itakwenda mpaka ifike mahali fulani, na mahali hapo nilikuwa sipataki. Leo nitafika.

Lakini kwanza habari, maana ungekuwa hapa ungeziuliza kabla sijavua viatu. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Mahindi ya upande wa chini yalisimama kwenye maji kidogo, ya juu ni mazuri. Cherehani yako naitia mafuta kila Jumamosi, ingawa unajua mwenyewe sikuwahi kushona hata pindo likanyooka. Joisi ameanza chekechea. Amewaambia wenzake kwamba bibi yake alikuwa fundi wa malkia. Mwalimu wake akaniuliza ni malkia yupi.

Mji unazidi kutujia. Kutoka hapa hadi mjini sasa ni nyumba kwa nyumba, na zile zenye mabati ya rangi zimefika mpaka kwenye mpaka wetu wa miche ya katani. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, anaulizia kama shamba linauzwa. Nikamwambia mwenye shamba hajasema. Akauliza yuko wapi, azungumze naye. Nikamwonyesha yale makaburi mawili, lako na la Baba. Alivua kofia, akaomba radhi, akaondoka akitembea taratibu kama mtu anayetoka kanisani.

Na picha yako, Mama. Picha ya Esta imevunjika kioo.

Ilikuwa siku ya mazishi. Wanaume walikuwa wanatoa kabati nje ili wanawake wapate pa kukaa, kona ya kabati ikaigonga. Hakuna aliyekusudia. Nilikuwa jikoni nikasikia kioo kikipasuka, na ndipo nilipolia kwa sauti mara ya kwanza. Jeneza lilipoletwa sikulia. Nililia kioo. Mama Sesilia, jirani yako wa miaka yote, alinishika mabegani akasema, "Mwacheni, mwacheni alie," na wengine wakaangaliana. Vipande niliviokota mwenyewe. Sasa picha nimeilaza hapa mezani, haina kioo, na rangi zake zinaonekana kuliko zamani.

Nakumbuka siku Sista Klara alipoileta. Alikuwa ameshazeeka, anarudi kwao Ulaya baada ya miaka yote ile ya kufundisha wasichana ushoni, na wewe, Mlutheri, ndiye uliyekuwa ukimshonea vitambaa vya altare. Aliibeba imefungwa kwenye shuka. Akasema ni nakala tu, kwamba aliyeichora aliishi Italia zamani sana, karne na karne, lakini yeye amekuwa nayo tangu alipokuwa msichana na hataki ipotee kwenye meli. Ukaifungua. Malkia amevaa dhahabu na nyeupe, anaanguka. Magoti yamekwisha. Wanawake wawili wamemshika, mmoja kila upande, na mmoja amegeuza uso kama anaomba msaada. Juu kwenye ngazi mfalme anainuka kitini, mkono mbele, na wale wakubwa waliomzunguka wameinamiana, wananong'ona.

Mtu mwingine angetazama uso wa malkia. Wewe ulitazama gauni.

"Hili limekula mita kumi na mbili," ulisema. "Halipungui hapo." Ukainamisha kichwa, ukafuata marinda kwa kidole bila kugusa kioo. "Na huyu aliyechora, ama ana mke fundi au ameshona mwenyewe. Mtu asiyeshona hajui kitambaa kinavyoanguka mwenye kitambaa akianguka."

Sista Klara alicheka mpaka akafuta miwani.

Alipoondoka ukachukua Biblia ukanisomea kitabu cha Esta, chote, mimi nikikupigia pasi mashuka. Ulipofika mahali malkia anapoingia kwa mfalme bila kuitwa, ukarudia mistari ile mara mbili. Hakuna kuzimia. Anasimama uani, mfalme anamnyooshea fimbo, basi. Ulikasirika kweli. Ulisema mchoraji amemsingizia mwanamke wa watu. Kesho yake Mama Sesilia aliposimama kwenye ua wetu kuomba moto ukamshitakia, naye bila kusema kitu akaenda kwake akarudi na Biblia yao ya Kikatoliki, akakufungulia. Mle Esta alikuwa na maneno mengi zaidi. Mle alizimia, tena mara mbili, na mfalme akashuka kitini akamshika mpaka akapata nguvu.

Ulisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Halafu ukasema, "Kumbe sisi walitupunguzia."

Baadaye sana, tukiwa tunachambua maharage, ukasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokuwa kichwani tu: "Mimi huyu wa kuzimia ndiye namwamini. Yule wa kusimama wima simjui."

Wakati ule Baba alikuwa ameshafariki miaka mitano au sita, na wewe ulikuwa bado unavaa nguo za giza. Watu wa ukoo walikuwa wamekuzoea. Mpare kutoka Usangi uliyeolewa na Mwiraqw wa Singe, unalima asubuhi, unashona mchana, husumbui mtu. Hakuna aliyekuwa na haja na shamba lako. Halafu mkoa ukagawanywa, Manyara ikatoka Arusha, na Babati yetu ikaambiwa ndiyo makao makuu. Tulishangilia, unakumbuka? Ulishona sare za kwaya, wiki nzima cherehani haikunyamaza. Muda mfupi baadaye watu wakaanza kuja na kamba za kupimia, na kila mwenye shamba karibu na barabara akajikuta anaitwa mwenye viwanja.

Baba Mkubwa Lohay akaanza kupita pita.

Sitaki kumsema vibaya, nitafika kwake. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa ukoo, kaka wa Baba, na Baba alipofariki ndiye aliyetulimia msimu wa kwanza kwa ng'ombe wake bila kuombwa. Lakini sasa alikuwa anasimama pale kwenye katani, mikono nyuma, anatazama shamba kama vile amelisahau jina. Siku moja alikwambia mbele yangu, "Shemeji, wewe ni mtu wa Upareni. Kesho ukiondoka, jasho la mdogo wangu litakwenda na nani?" Ukamjibu, "Nina Anna." Akanitazama. Akasema, "Anna ataolewa."

Ilikuwa Jumanne alipokuja Babu Bura, mzee kuliko wote kwenye ukoo, ameshika koti, anataka umkazie kifungo. Kifungo chenyewe kilikuwa kizima. Wakati unakizungushia uzi akakwambia kwamba Jumamosi kuna kikao kwa Lohay, wanaume wa ukoo peke yao, na mwenyekiti wa mtaa ameombwa aje aandike. Shamba la marehemu litarudi kwenye ukoo. "Mimi nimekuja kwa ajili ya kifungo," akasema, akavaa koti lake, akaondoka.

Jumatano ulifungua sanduku ukatoa ile satini ya rangi ya mahindi yaliyokomaa, ambayo Baba alikununulia Arusha na hukuwahi kuikata. Ukaikata. Nilikuona ukisimama mbele ya picha na chaki mkononi, unapima mikono ya malkia kwa macho. Miaka yote ile hukuwa umevaa rangi.

"Utakwenda, Mama? Hujaitwa."

"Hata huyu hakuitwa."

Halafu ukasema lile ambalo nalisikia mpaka leo. "Miguu yangu siiamini, Anna. Wewe utanishika upande mmoja. Mama Sesilia nimemwambia atashika mwingine."

Nikasema, ndiyo, Mama.

Hukujua, au nilifikiri hukujua, kwamba Alhamisi Baba Mkubwa alinikuta sokoni. Wazee wa Daudi walikuwa waje kuleta posa wiki mbili baadaye, na aliyepaswa kuketi mahali pa Baba kuwapokea ni yeye. Hakunitisha. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za shule ya Nakwa ninakofundisha. Kisha akasema, "Anna, wewe ni mtoto wetu. Usiingie kwenye maneno ya watu wazima." Akaenda zake. Hayo tu. Nilirudi nyumbani nimebeba nyanya.

Jumamosi asubuhi nilijifunika shuka mpaka kichwani.

Nikakwambia kichwa kinaniuma, hata macho siwezi kufungua. Ulisimama mlangoni, gauni lile limekaa kiunoni kama limemiminwa, mikono imejaa marinda. Ulikuwa mzuri, Mama. Sikuwahi kukwambia. Ulikuja ukaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wangu. Paji lilikuwa la baridi, najua lilikuwa la baridi. Ukaacha mkono pale kwa muda. Halafu ukasema, "Basi lala," ukaniachia kikombe cha maji pembeni.

Nilisikia sauti ya Mama Sesilia nje, nikasikia hatua zenu zikiishia njiani. Nikaamka. Nikafungua mlango, nikakaa kizingitini juani, nikakaa pale karibu asubuhi yote, mzima kabisa.

Kichwa hakikuniuma. Hapo ndipo nilipokuwa sitaki kufika. Nimepaandika.

Yaliyotokea kule nilihadithiwa na Mama Sesilia, kwa vipande, kwa miaka. Kwamba kwanza mlikaa kwake mpaka kikao kianze, na mlipoingia uani kwa Baba Mkubwa wanaume walikuwa kwenye viti na mabenchi, na mazungumzo yakakatika. Kwamba kuna mmoja aliyetazama gauni akauliza harusi ni ya nani, na wawili watatu wakacheka. Kwamba uliwaamkia wakubwa wote, mmoja mmoja, kwa utaratibu, kisha ukasema, "Sikuitwa. Nimekuja." Na kwamba ulipofungua mdomo kusema la pili, magoti yakakuachia. Mama Sesilia alikuwa amekushika mkono mmoja tu. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Ukaenda chini ubavu ubavu, satini yote ikamwagika kwenye vumbi.

Baba Mkubwa akasema, "Mtoeni nje apate hewa."

Nawe ukasema ukiwa chini, "Niacheni hapa hapa. Maneno hayatoki miguuni."

Ukawaambia ukiwa umekaa kwenye vumbi. Ukawaambia mche gani wa katani ulipandwa lini, na kwamba ile safu ya kaskazini uliipanda na mimba yangu ya miezi minane, Baba akichimba mashimo na wewe ukishindilia. Ukauliza ni nani kati yao amewahi kung'oa hata jani moja mle. Ukawataja kwa majina, kwa heshima, shemeji fulani, baba fulani. Ukanyamaza baada ya kila jina. Babu Bura akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mimi nilipita siku ile, nikamwona na tumbo lake." Mwenyekiti wa mtaa akaweka kalamu mfukoni. Mpaka jua linakaa utosini wakawa wamekubaliana: shamba ni lako na la mtoto wako, isipokuwa kipande chembamba cha kando ya barabara, ambacho Baba Mkubwa alikitaka nawe ukamwachia.

Ulirudi nyumbani gauni limechafuka nyuma yote. Nilikuwa nimesharudi kitandani. Unajua uliniuliza nini? Hukunieleza ushindi. Uliingia, ukakaa kwenye ukingo wa kitanda, unahema, ukasema, "Kichwa kinaendeleaje?"

Nikasema, kimepungua, Mama.

Wiki mbili baadaye Baba Mkubwa aliwapokea wazee wa Daudi. Alivaa koti, aliongea vizuri, alinisifu. Nikajiambia, unaona, Anna, ulifanya busara. Ungekwenda kule ungeharibu. Nimeishi na maneno hayo miaka yote ya ndoa yangu. Yalinitosha kwa mchana. Lakini kila nilipokuja kwako nikainua macho ukutani nikawaona wale wanawake wawili waliomshika malkia, nilikuwa nageuka naangalia dirisha. Ulidhani siipendi ile picha. Ulisema siku moja, "Nikifa mpe Mama Sesilia, wewe haikuvutii." Nikasema, acha maneno ya kufa, Mama. Ningekwambia pale. Tulikuwa wawili tu. Nikaenda kuchota maji.

Halafu ukaugua. Uvimbe ule tulioambiwa umechelewa kuonekana. Ulivyokuwa mwepesi mwishoni! Nilikubeba kutoka kitandani hadi kwenye beseni la kuogea peke yangu, mkono mmoja mgongoni na mmoja chini ya magoti, nawe ukaona haya, ukasema, "Pole, mwanangu, nakuchosha." Nikikuogesha nilikuwa nafungua mdomo kusema. Kila siku. Nilikuwa nasema moyoni, leo nikishamkausha. Leo nikishamvika. Asubuhi ya mwisho ulikuwa umelala vizuri, nikaenda kukoroga uji, nikajisemea akishakunywa uji. Uji ulipoiva...

Uji ulipoiva, Mama.

Baba Mkubwa ndiye aliyechagua mahali pa kaburi. Kuna waliosema upelekwe Usangi kwa ndugu zako. Yeye, na macho yake yale yaliyoanza kuingia ukungu, alitembea na fimbo mpaka shambani, akasimama ubavuni mwa kaburi la Baba, akachomeka fimbo ardhini akasema, "Hapa. Asihame mtu." Mchungaji alipomaliza yeye ndiye wa kwanza kutupa udongo.

Siku ya kumaliza matanga tulikuwa tumekaa nje, watu wamepungua. Akaanza kusimulia habari zako kama wazee wanavyosimulia wafu, kwa kuwasifia ukaidi. Akafika kwenye kikao. Akasema, "Nilimuuliza siku ile, shemeji, mbona hata binti yako hayuko upande wako? Akanijibu pale pale chini alipokuwa amekaa, Anna alitaka kuja, nimemkataza mimi. Nimemfungia mlango kwa nje. Hahusiki na maneno haya." Akatikisa kichwa. "Mama yako."

Nilimtazama Mama Sesilia. Akainamisha macho kwenye kikombe chake.

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, ulijua. Akasema, "Njiani tunarudi aliniapisha. Alisema, mtoto ana hofu yake, na hofu ya mtoto ni ya mama kuificha. Ningekwambiaje, Anna?" Akalia. Mimi sikulia. Nilikaa juu ya gunia la mkaa, nikafikiri tu kwamba mkono wako ulikaa kwenye paji langu la uso muda mrefu mno kwa mtu aliyeamini.

Kwa hiyo haikuwa busara yangu iliyomfanya Baba Mkubwa avae koti awapokee wazee wa Daudi. Ulininunulia ndoa yangu kwa uongo, ukiwa umekaa kwenye vumbi, wakati bado unapigania shamba.

Imenichukua miezi hii yote kupata miguu ya kwenda kwa Baba Mkubwa. Nilikwenda Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Alikuwa peke yake barazani, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Nikamwamkia. Akauliza, "Ni nani?" maana sasa haoni sura, anaona vivuli tu. Nikasema ni Anna. Nikakaa chini, nikachukua hindi nikaanza kumsaidia, na nikamwambia kabla sijajihurumia. Kwamba hukunifungia mlango. Kwamba uliniomba nije nikushike mkono, nikajifanya mgonjwa, kwa kumwogopa yeye. Kwamba ulidanganya kwa ajili yangu.

Akaendelea kupukuchua. Hindi lote. Gunzi akaliweka chini.

"Najua," akasema.

Nikaacha kupukuchua.

"Asubuhi ile nilipita njia yenu nikienda kumchukua mwenyekiti. Nilikuona umekaa kizingitini, umeinama, hukuniona. Mlango wazi." Akapapasa akachukua hindi lingine, hakulipukuchua. "Mama yako aliposema amekufungia, nilikuwa na jibu mdomoni. Ningelitoa, yangeisha pale pale. Wangesema mwanamke huyu ni mwongo, na kama amedanganya kwa hili amedanganya kwa katani na mimba na yote. Hata Bura asingemtetea."

"Kwa nini hukulitoa, Baba Mkubwa?"

"Sijui." Alilizungusha hindi lile mkononi. "Nilimtazama pale chini na gauni lake. Hana miguu, hana mume, anapigana na wanaume kumi na moja, na bado katikati ya hayo anakufunika wewe. Mimi nina watoto saba, Anna. Nikajiuliza nani kati yao nimewahi kumfunika hivyo. Nikakosa. Basi nikanyamaza."

Nikamuuliza kama wewe ulijua kwamba anajua.

"Tuliangaliana," akasema. "Alijua."

Hapo ndipo nililia, Mama, kilio kile chote. Nililia na mahindi mkononi. Yeye hakunibembeleza, si mtu wa hivyo. Alisema tu, "Usilowanishe mbegu," na sauti yake nayo haikuwa sawa.

Wewe na yeye mlikaa na siri hiyo miaka yote, mkisalimiana kanisani, mkipeana mbegu, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua, wala hamkuwahi kuitaja. Nami katikati yenu nikitembea na ujanja wangu, nikijiona nimevuka. Sikuombi unisamehe. Nadhani ulinisamehe kabla sijajifunika shuka, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukupa hata nafasi ya kunikaripia. Ningependa unikaripie, Mama. Ningependa sana. Sijui nianzie wapi kukukumbuka bila kuona ule mkono wako mmoja ukiwa hauna mtu.

Baba Mkubwa anatakiwa kwenda kuonwa macho Jumatano. Watoto wake wametawanyika, wawili wako migodini Mererani, mmoja Dodoma, na aliye karibu hana nafasi. Kila mmoja anasema mwingine atampeleka. Nimeomba ruhusa shuleni. Nitakwenda kumchukua asubuhi, nitamshika mkono mpaka kwenye gari na mpaka ndani kwa daktari, na tukiambiwa hayatibiki nitamrudisha vile vile, na nitakuwa nakwenda kumsomea Neno siku za Jumapili, kwa kuwa anasema hilo ndilo analolikosa kuliko yote. Siahidi hili kwa sababu ya wema. Ninahitaji mtu mwingine aliyekuona siku ile akijua ukweli, na huyo ndiye aliyebaki pamoja na Mama Sesilia.

Nakuahidi na jingine, gumu zaidi. Joisi akiwa mkubwa wa kuelewa nitamweleza kuhusu bibi yake, na sitaruka pangu. Nitamwambia mama yake alikuwa wapi.

Lala salama, Mama. Umechoka sana duniani, pumzika sasa. Wiki hii tunaanza kuvuna mbaazi za upande wa kaskazini, mimi na Daudi, na Baba Mkubwa amesema atakuja kukaa pembeni atusikilize tukifanya kazi.

Mwanao,
Anna